Wanaoukabili Ukame: Safari ya Machakos, Makueni na Kitui

Ukambani ni nchi ya kaunti tatu za Kenya, Machakos, Makueni na Kitui, iliyotandaa mashariki na kusini-mashariki ya Nairobi. Hupata misimu miwili ya mvua: masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Huku vuli ndiyo tegemeo. Masika ni ya kubahatisha. Kwenye vilima vya Iveti, Kilungu na Mbooni mvua ya mwaka yaweza kufika milimita 1,000, ilhali katika tambarare za Kibwezi na Mutomo mara nyingi haifiki 700. Lakini uhaba si shida pekee. Mvua hunyesha kwa kishindo siku chache, maji yakaporomoka na udongo, kisha jua likawaka majuma mawili au matatu wakati uleule mahindi yanapochanua. Hivyo mwaka ambao kipimo cha mvua kinaonyesha kiasi cha kutosha unaweza bado kuwa mwaka wa ghala tupu.

Anayelima katika hali hiyo ana mambo manne ya kufanya: kuyazuia maji yasikimbie shambani, kupanda mbegu inayowahi au inayovumilia, kuhifadhi maji ya mito ya msimu, na kujua mapema msimu unaelekea wapi. Kila moja lina watu wake waliolijenga kwa miaka mingi: wakulima, vikundi vya akina mama, watafiti, mafundi, wauza mbegu na wakusanya takwimu. Nilizunguka kwa barabara ili niwaone kazini, nikianzia Machakos, nikateremka Wote na Kiboko, kisha nikavuka mto Athi kwenda Mutomo na Kitui. Masimulizi haya yanafuata mpangilio huohuo.

Machakos: matuta ya milimani

Gari likishaiacha barabara ya Mombasa pale Makutano ya Kyumvi, vilima huanza kuonekana vimechongwa ngazi kutoka kileleni hadi bondeni. Kila ngazi ni tuta, na juu ya kila tuta pana ukanda wa shamba ulio karibu tambarare.

Hali haikuwa hivi katika miaka ya 1930. Maafisa wa serikali ya kikoloni, akiwamo Colin Maher aliyesimamia hifadhi ya udongo, waliandika ripoti nzito kuhusu makorongo na miamba iliyobaki wazi baada ya udongo kuondoka. Wakamba walikuwa wamebanwa: upande mmoja mashamba ya walowezi, upande mwingine ardhi ya serikali waliyokatazwa kulisha mifugo. Serikali iliona dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini, wakati kiwanda kipya cha nyama pale Athi River kikihitaji mifugo ya kuchinja. Wakamba kwa maelfu, wake kwa waume, walitembea hadi Nairobi kutaka kumwona gavana, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao, Samuel Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ililazimika kulegeza amri yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kulikuja mpango wa maendeleo ya ardhi uliojulikana kama ALDEV, ulioanzishwa mwaka 1946, na pamoja nao kazi ya lazima ya kuchimba matuta. Matuta mengi ya kulazimishwa yalikuwa membamba, ya kutupa udongo upande wa chini, na mvua kubwa iliyavunja. Wakulima wenyewe walipopata nafasi ya kuchagua walipendelea namna nyingine, ile ya kutupa udongo juu, iitwayo fanya juu. Kazi ya kulazimishwa ilikoma, matuta hayakukoma. Waliopanda kahawa na mboga waliona faida upesi, na jirani akaiga kwa jirani. Serikali ilirudi baadaye ikiwa msaidizi: mwaka 1974 Wizara ya Kilimo ilianza mpango wa taifa wa hifadhi ya udongo na maji kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1978 ukaanza mpango wa maendeleo wa Machakos uliofadhiliwa na Jumuiya ya Ulaya.

Tuta la fanya juu lina hatua chache. Kwenye mteremko wa Iveti nilimkuta mama mmoja na jirani zake wakipima mstari kwa vijiti viwili vya urefu sawa, kamba iliyofungwa kati yake, na pimamaji ndogo iliyoning'inizwa katikati ya kamba. Mmoja husimama na kijiti chake, mwingine husogea juu au chini hadi kiputo cha pimamaji kitulie katikati. Hapo huchomekwa kigingi. Vigingi vikishatimia huonyesha mstari ulio sawa kiwango, hata kama kwa macho unaonekana umepinda. Kisha mtaro huchimbwa, upana na kina cha sentimita 60 hivi, na udongo wote hurushwa upande wa juu. Kwenye ukingo huo hupandwa nyasi za makarikari au mabingobingo, ambazo hushika udongo na kulisha ng'ombe. Kila mvua inapoteremsha udongo, ukingo huuzuia, na baada ya misimu kadhaa mteremko hujisawazisha wenyewe. Kazi kubwa ya kusawazisha shamba hufanywa na mvua. Mkulima huchimba mtaro, huinua ukingo unaposhuka, na huondoa mchanga uliojaa.

Hata hivyo mtaro mmoja ni mzigo mzito kwa mtu mmoja. Hapo ndipo linapoingia kundi la mwethya, utaratibu wa zamani wa Wakamba wa kufanya kazi kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule. Zamani mwenye shamba aliwaita majirani na kuwalisha. Vikundi vya kisasa vina wanachama wa kudumu, mwenyekiti, mweka hazina na daftari la mahudhurio. Asiyefika hulipa faini. Wengi wao ni wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Fedha walizotuma nyumbani zilinunua majembe, ng'ombe wa kulima na mbegu, na wanawake ndio waliosimamia shamba kila siku.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao juu ya wilaya ya Machakos ya zamani, iliyojumuisha Makueni ya leo. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano kati ya mwaka 1932 na 1989, na bado mmomonyoko ulipungua na thamani ya mazao kwa kila mtu ikapanda. Utafiti huo ulizua mjadala mrefu. Wengine walisema ukaribu wa Nairobi, soko lake na mishahara yake ndio ulioiokoa Machakos, na kwamba faida haikugawanyika sawasawa kati ya wenye uwezo na maskini. Hoja hizo zina uzito, lakini hazikanushi kwamba maelfu ya kilomita za matuta zilichimbwa na wenye mashamba kwa mikono yao.

Katumani: mbegu inayowahi

Kilomita chache kusini mwa mji wa Machakos, kwenye barabara ya Wote, kuna kituo cha utafiti cha Katumani, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Leo kiko chini ya KALRO, Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, lililorithi kazi za KARI, taasisi ya awali ya utafiti wa kilimo, chini ya sheria ya mwaka 2013. Utafiti wa mahindi ya nchi kavu ulianza hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mmoja wa watafiti wake wa mwanzo alikuwa B. D. Dowker. Tatizo lililomkabili lilikuwa la hesabu ya siku: mvua ilikatika kabla mahindi hayajakomaa. Mahindi meupe ya wakulima wa Machakos yalichanganywa na aina ya Taboran iliyotoka Tanganyika, na kizazi baada ya kizazi ikachaguliwa mimea iliyotangulia kuchanua. Katika miaka ya 1960 wakulima walipewa Katumani Composite B, ambayo huchanua yapata siku 60 baada ya kupandwa. Mvua ikiwa nzuri, mahindi ya nyanda za juu huyapita mbali kwa mavuno. Mvua ikikatika mapema, Katumani huwa yamekwisha kushika punje.

Sifa yake ya pili ilikuja kuwa muhimu vilevile. Hii ni mbegu ya mchanganyiko inayochavushana kwa uhuru, si chotara; mkulima akichagua mahindi mazuri na kuyatunza, anaweza kuyapanda tena msimu ujao bila mavuno kuporomoka. Kwa hiyo mbegu ilisafiri bila gari la serikali: ilipewa binti aliyeolewa kijiji cha mbali, ilibadilishwa kwa kunde, iliuzwa sokoni kwa kipimo cha kilo. Shambani ilichavushana na mahindi ya kienyeji kama Kinyanya, hata leo ni vigumu kusema wapi mahindi ya mtafiti yanaishia na ya mkulima yanaanzia.

Kituo hakikuishia kwenye mahindi. Kilitoa maharagwe kama KAT B1, KAT B9 na KAT X56, kunde za M66 na K80, na ndengu ya N26 ambayo wakulima huiita Nailoni. Mbaazi ina kisa chake yenyewe. Mbaazi za kienyeji hupandwa pamoja na mahindi wakati wa vuli, Oktoba au Novemba. Mahindi huvunwa, mbaazi zikabaki zikivuta maji kwa mizizi mirefu, zikapita kiangazi na masika, na kuvunwa kati ya Julai na Septemba. Shamba moja hutoa mavuno mawili kwa jasho moja, na majani yanayopukutika huurutubisha udongo. Watafiti wa Katumani wakishirikiana na ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya mazao ya nchi kame, waliongeza aina zinazokomaa mapema zaidi kwa ajili ya maeneo ya chini.

Katika miaka ya 1980 Katumani ilikuwa pia mahali pa kufikiria upya ratiba ya msimu. J. Ian Stewart alichunguza kumbukumbu za mvua na kuonyesha kwamba tarehe ya mvua kuanza hutabiri kwa kiasi fulani msimu utakavyokuwa: ikianza mapema, uwezekano wa msimu mrefu ni mkubwa, ikichelewa, heri kupanda kidogo na kwa nafasi. Ushauri wake ulikuwa kupanda kwa wingi kiasi mvua ikiwahi, kisha kung'oa baadhi ya miche ikiwa mvua inasita, ili iliyobaki ipate maji. Wakati huohuo watafiti wa Australia na wenzao wa Kenya waliurekebisha hapa mfano wa kompyuta wa ukuaji wa mahindi ili ufae nchi kavu, na kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa programu ya APSIM inayotumika leo katika nchi nyingi.

Utooni: maji ndani ya mchanga

Barabara inayoteremka kuelekea Wote hukatiza mito mingi isiyo na maji. Karibu mwaka mzima ni mikanda ya mchanga. Siku ya mvua hugeuka mafuriko kwa saa chache, kisha hukauka. Wakamba wamechimba visima vya mchanga katika mito hiyo tangu zamani. Wazo la kujenga ukuta ili mchanga uongezeke, na maji pamoja nao, lilijaribiwa wakati wa ukoloni chini ya ALDEV, kisha likasahauliwa.

Aliyelifufua katika eneo la Kola ni Joshua Mukusya, aliyeanzisha kikundi cha Utooni pamoja na familia chache za jirani mwaka 1978. Walijenga bwawa la mchanga, likawapa maji, vikundi vya karibu vikaja kuuliza. Kutokana na kazi hiyo likakua shirika la Utooni, ambalo limesaidia vikundi vingi Machakos, Makueni na kwingineko kujenga mabwawa ya aina hiyo. Mukusya hakugundua ukuta. Alichokijenga ni utaratibu wa kufanya kazi. Kikundi ndicho kinachoomba, kinachagua mahali kwa kushauriana na fundi, na hukusanya mawe, mchanga na maji ya kuchanganyia. Mfadhili hutoa saruji, nondo na ujira wa fundi. Na kabla ya ukuta kuinuliwa, wanachama huchimba matuta kwenye mashamba ya kingo zote mbili.

Sharti hilo la matuta lina sababu ya kiufundi. Bwawa la mchanga hujengwa juu ya mwamba unaokatiza mto. Mafuriko yanapokuja, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta na tope jepesi hupita juu pamoja na maji. Baada ya msimu mmoja hadi mitatu nafasi yote hujaa mchanga, na mchanga mnene huhifadhi maji kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi. Jua haliyafikii maji yaliyo chini ya sentimita 60 hivi, mbu hawana pa kutagia mayai, na mchanga huyachuja. Lakini mashamba ya juu yakimwaga tope, bwawa hujaa udongo laini usiotoa maji. Makosa mengine hutokana na ujenzi: ukuta usiofika kwenye mwamba hupitisha maji chini, na ukuta wenye mabawa mafupi huzungukwa na mto, ukabaki umesimama peke yake.

Bwawa nililolitembelea karibu na Kola halikuwa na maji ya kuonekana. Kijana mmoja alichimba kwa mikono, kina kisichofika kiwiko, na shimo likaanza kulowa kisha kujaa polepole. Mita chache pembeni palikuwa na kisima chenye pampu ya mkono, na kwenye ukingo bustani za sukumawiki, nyanya na miche ya miembe. Punda watatu walisubiri zamu, kila mmoja na mitungi minne ya lita 20. Maji ya mbali huchukua saa nyingi za siku, na saa hizo huchukuliwa kutoka kwa wanawake na watoto. Maji yakisogea karibu, mwethya hupata watu wa kuchimba matuta, na shule hupata wanafunzi.

Mchanga una adui mwingine, nao ni ujenzi wa mijini. Malori huuchota mitoni na kuupeleka Nairobi, na mto ukishaachwa mwamba mtupu, maji hutoweka. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kusimamia matumizi ya mchanga mwaka 2015. Utekelezaji wake unategemea sana wanakijiji wanaokataa lori kuingia mtoni, kazi ambayo imeleta ugomvi mkali katika maeneo mengi.

Wote: mtama na soko

Wote ni makao makuu ya Makueni, na siku ya soko ni mahali pazuri pa kujifunza kwamba mbegu na maji havitoshi. Mtama wa Gadam ni mfupi, hukomaa mapema na huvumilia jua kuliko mahindi. Wataalamu waliusifu kwa miaka mingi, wakulima wakasita, kwa sababu ndege huushambulia na nyumbani watu hupenda muthokoi na isyo, vyakula vya mahindi na kunde au maharagwe. Hali ilibadilika kampuni ya bia ilipoanza kununua mtama wa kutengenezea bia ya bei nafuu. Vikundi viliingia mikataba, wafanyabiashara wa kati wakakusanya magunia, na mashamba ya mtama yakaongezeka.

Mwaka 2013 serikali iliitoza bia hiyo ushuru wa asilimia 50. Mauzo yakaanguka, ununuzi wa mtama ukapungua ghafla, na wakulima wakabaki na magunia. Ushuru ulilegezwa mwaka 2015, lakini waliokuwa wameumia hawakurudi wote. Ndengu imepata bahati nzuri zaidi, kwa kuwa inaliwa nyumbani, inauzwa dukani na inatafutwa na wanunuzi wa nje. Huvunwa kwa siku 60 hadi 80 hivi, na mkulima asipompata mnunuzi anaweza kuihifadhi au kuila. Zao linalovumilia ukame humfaa mkulima ikiwa lina zaidi ya mlango mmoja wa kutokea.

Kiboko: shamba la kunyimwa maji

Kutoka Wote barabara huteremka hadi kwenye njia kuu ya Mombasa. Kiboko iko kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, chini ya mita 1,000 juu ya bahari, mahali penye joto na mvua ndogo. Ukavu huo ndio uliowavuta watafiti. Anayetaka kujua mahindi gani yanavumilia ukame lazima awe na hakika kwamba mvua haitamharibia jaribio, na Kiboko, wakati wa kiangazi, hakika hiyo ipo.

Katika mashamba ya KALRO yanayotumiwa pamoja na CIMMYT, Kituo cha Kimataifa cha Kuboresha Mahindi na Ngano, mahindi humwagiliwa kama kawaida mwanzoni, kisha maji hufungwa kabla ya kuchanua. Mbelewele hutokea kwa wakati wake na kumwaga chavua. Nywele za hindi, ambazo ndizo hupokea chavua hiyo, huchelewa mmea ukiwa na kiu. Zikichelewa siku nyingi, chavua huwa imekwisha, na hindi hubaki na gunzi lenye punje za kuhesabika. Hivyo wafanyakazi hupita mstari kwa mstari kila siku, wakiandika tarehe ya mbelewele na tarehe ya nywele. Mmea ambao tarehe hizo zinakaribiana hata ukiwa na kiu ndio unaotafutwa. Msingi wa njia hii uliwekwa Mexico kuanzia miaka ya 1970, na watafiti kama Greg Edmeades na Marianne Bänziger waliiendeleza hadi ikawa kawaida ya kazi Afrika Mashariki na Kusini.

Mradi wa mahindi yanayovumilia ukame barani Afrika, uliofanya kazi katika nchi 13 hadi mwaka 2015, ulitoa zaidi ya aina 160 kwa kushirikiana na taasisi za utafiti za nchi hizo. Kituo cha Kiboko kilipata mwaka 2013 maabara na mashamba ya kuharakisha uzalishaji wa mistari safi ya mahindi, yaani wazazi wa mbegu chotara, kazi iliyokuwa ikichukua misimu mingi. Upande wa Kenya, Stephen Mugo ni miongoni mwa watafiti waliotumia miaka mingi kwenye mahindi ya kustahimili ukame na wadudu.

Nyingi ya mbegu hizi ni chotara, na hapa njia ya Kiboko inatofautiana na ile ya Katumani. Chotara huzaa zaidi hata katika ukame wa wastani, lakini mkulima hununua upya kila msimu. Anahitaji duka la pembejeo karibu, fedha mkononi kabla ya mvua, na mzalishaji anayejali maeneo makavu. Kampuni ndogo zimejaribu kuziba pengo hilo. Mojawapo ni Dryland Seed ya Machakos, inayouza mahindi ya SAWA pamoja na kunde na maharagwe. Kampuni kubwa huvutwa na nyanda za mvua, ambako mkulima hununua kila mwaka bila kukosa. Huku chini, mkulima aliyepoteza msimu hana cha kununulia mbegu ya msimu unaofuata.

Kiboko ina pia watafiti wa malisho, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi wana kituo cha shambani Kibwezi. Kazi yao ni kurudisha nyasi za asili kwenye ardhi iliyochakaa. Ardhi hukwatuliwa kwa plau ili maji yapenye, kisha hupandwa mbegu za nyasi za kienyeji, na ng'ombe huzuiwa kuingia hadi nyasi zishike mizizi. Wanaovuna nyasi huuza marobota kwa wafugaji, na mbegu zake huuzwa kwa kilo. Kwa baadhi ya vikundi vya wanawake, mbegu ya nyasi imekuwa zao la biashara lisilohitaji mvua nyingi.

Mutomo na Kitui: habari za mapema

Barabara ya lami kutoka Kibwezi huvuka mto Athi, hupanda ukingo wa Yatta, uwanda mrefu wa mawe ya volkeno, na kushuka kwenye misitu ya miiba ya Kitui Kusini. Nyumba huachana, mbuzi huongezeka, na mbuyu husimama katikati ya mashamba ya mtama na mawele.

Kitui nako mabwawa ya mchanga yamejengwa kwa wingi. Shirika la SASOL, ambalo Profesa G-C. M. Mutiso ni miongoni mwa waanzilishi wake, lilishika kanuni ya kujenga mabwawa kwa mfululizo kando ya mto mmoja, badala ya moja hapa na jingine kule. Mabwawa yakikaribiana, maji yaliyo chini ya ardhi hupanda kando ya mto wote, na faida huwafikia hata wasio na ukuta mbele ya shamba lao. Jamii zilizokuwa zikigombania kisima kimoja zilipata visima vingi.

Kitui ni pia mojawapo ya kaunti 23 zinazosimamiwa na NDMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa mwaka 2011 na kupewa sheria yake mwaka 2016. Kazi yake huanza mikononi mwa watu ambao majina yao hayaandikwi popote: wakusanya takwimu wa vijijini. Kila mwezi hutembelea kaya zilezile zilizochaguliwa katika kila ukanda, kulingana na namna watu wanavyojipatia riziki. Huuliza bei ya mahindi na ya mbuzi, umbali wa maji, na maziwa yaliyokamuliwa. Na hupima mzingo wa mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi. Takwimu hizo huunganishwa na picha za setilaiti zinazoonyesha hali ya mimea, na kaunti hupangwa katika hatua: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au kujikwamua. Mbuzi akishuka bei huku unga ukipanda, familia imeanza kubanwa hata kama majani bado ni mabichi.

Utabiri wenyewe hutoka mbali zaidi. Kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, kiitwacho ICPAC na kilicho karibu na Nairobi, huwakutanisha wataalamu wa eneo hilo kabla ya kila msimu, utaratibu ulioanza mwaka 1998. Wanatazama joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki: El Niño kwa kawaida huongeza mvua za vuli, La Niña huzipunguza. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huutafsiri utabiri huo kwa kila kaunti, na redio za Kikamba kama Musyi FM huufikisha nyumbani kwa lugha inayoeleweka. Mkulima husikia kwa maneno ya uwezekano, kisha huamua mwenyewe ni ekari ngapi aweke ndengu na ngapi aweke mahindi.

Kilichobaki baada ya misimu mitano

Kuanzia vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya 2022 mvua ziliharibika misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya mashariki mwa Kenya, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 40. Ulikuwa mtihani wa kazi zote zilizoelezwa hapa. Tahadhari zilitolewa mapema, lakini fedha za kuzitekeleza hazikufika kwa kasi ileile. Matuta yalibaki yalipo, tayari kwa mvua inayofuata. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa vizuri yalitoa maji kwa muda mrefu, ingawa mengine nayo yalikauka, kwa kuwa mto usipopata mafuriko hauna cha kuhifadhi. Kilichopotea kwa wingi ni mbegu. Waliopanda na kukosa, wakapanda tena na kukosa, walimaliza akiba ya ghalani, na wengine waliila.

Matuta na mabwawa yalidumu kwa sababu yapo mikononi mwa vikundi: wanajua kuyajenga, kuyakarabati na kumfundisha jirani bila kusubiri mradi. Mbegu ya Katumani ilikuwa na sifa hiyo. Mbegu mpya zenye mavuno bora bado zinategemea duka na mfuko wa fedha. Ndiyo maana vikundi kadhaa Makueni na Kitui vinageukia uzalishaji wa mbegu za kunde, ndengu, mbaazi na mtama kwa mkataba na watafiti au kampuni, vikiweka sehemu ya mavuno katika ghala la pamoja ambalo mwanachama hukopa na kurudisha kwa nyongeza. Ghala hilo likitunzwa kwa nidhamu ileile ya daftari la mwethya, msimu mmoja mbaya hautamkuta mkulima na shamba lililoandaliwa vizuri lakini mikono mitupu.